Sauti ya Mke Wangu Ndani ya Gemu

Nilimsikia mke wangu ndani ya gemu la kutisha. Na siku hiyo sikuwa nimeonja kitu, naapa.

Mimi naitwa Tarmo. Kazi yangu hapa Tampere, mji wa huku kwenye theluji, ni kucheza magemu ya kutisha kabla hayajatoka, nitafute kasoro. Mlango uliogoma kufunguka, mzuka uliokwama ukutani, mambo hayo.

Watu huniuliza: "Hivi we huogopi?"

Nilikuwa nawacheka. Niogope nini, picha? Gemu haliwezi kumtisha mtu mzima. Nilikuwa nayasema hayo kwa dharau kabisa, hata mbele ya wakwe.

Sasa siku hiyo tulialika wageni waje kulijaribu gemu letu jipya. Dada mmoja, nesi wa wodi ya dharura, mtu aliyekwisha kuona damu za kutosha, akafika chini, mlangoni mwa stoo ya nyumba iliyomo kwenye gemu. Akavua hedifoni, akazitupa mezani.

"Mimi humo sirudi. Kuna mtu nyuma ya ukuta."

Nikacheka, nikazivaa mwenyewe.

Kweli, nyuma ya ukuta palikuwa na mwanamume. Anahema, anaguna, halafu anapiga yowe zito, refu. Nikasema moyoni, Ahti leo kaua. Ahti ndiye fundi wetu wa sauti.

Baada ya yowe kukawa kimya. Kisha kwa mbali mwanamke akanong'ona: "Tulia, mpenzi. Nipo hapa."

Niliganda kwenye kiti.

Nikarudia. Nikaongeza sauti. Ni Saimi, mke wangu, hakuna ubishi. Na nyuma yake nikasikia friji letu, lile lenye kwikwi, linalokaa jikoni, ukuta mmoja na chumba cha kulala.

Yaani mke wangu, chumbani kwangu, anambembeleza mwanamume anayeguna. Na Ahti anayo sauti yake!

Kichwa kikaanza kuunganisha mambo. Mbona siku hizi Saimi anasinzia mpaka mezani? Nikimuuliza, eti amechoka tu. Na kwenye sherehe ya Krismasi ya ofisi, yeye na Ahti walikuwa wananong'ona nini pale yanapotundikwa makoti?

Nilifika nyumbani nikamkuta anakoroga supu ya samaki. Nikamrushia chambo.

"Ahti anakusalimia."

Mwiko ukamponyoka. "Ahti? Kakwambia nini?"

"Kwani kuna cha kuniambia?"

"Hamna. Mbona unaniangalia hivyo?"

"Nakuangaliaje?"

Alinipa mgongo, akaendelea kukoroga supu ambayo ilikuwa imeshaiva. Nilikula bila kuisikia ladha. Nilikuwa nawaza nitahamia wapi, na mbwa wetu atabaki na nani.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa wanaume wa ofisini huwa tunaingia pamoja sauna, chumba cha mvuke wa mawe ya moto. Humo hakuna anayepandisha sauti, ni adabu. Nikasubiri wenzetu watoke, tukabaki mimi na Ahti, uchi kama tulivyozaliwa. Ubaya wake, mtu wa hivyo hana kola ya kumkunja.

"Ahti, una nini na mke wangu?"

Akayamwagia mawe maji taratibu. "Mkeo? Aliazima kinasa sauti changu, siku ile ya sherehe ya Krismasi."

"Cha nini?"

"Nitajuaje, kaka? Si unajua hapa kila mtu ananiletea sauti."

Hilo ni kweli. Kwetu ni desturi, sisi na wake zetu. Mmoja huleta bawaba yenye kutu ya mlango wa bibi yake, mwingine nguruwe akila. Sauti kali ya wiki inazawadiwa skonsi ya iliki.

"Alipokirudisha nikakuta lile yowe limo," Ahti akaendelea. "Nikajua ni mchango wake. Nikalishusha likawa zito mpaka maneno yakapotea, nikalibandika nyuma ya ukuta. Mkeo kiboko! Hata skonsi yake sijampa."

"Na huyo mwanamume ni nani?"

Ahti akanikodolea macho. "Acha utani, Tarmo. Kamuulize mkeo."

Nilitoka na nywele mbichi kwenye baridi ile ya theluji, nikaenda moja kwa moja nyumbani.

"Saimi, huyo mwanamume ni nani?"

Hakukana. Alikaa chini, akaanza kulia, akatoa simu yake.

"Nilinakili humu, nikasahau kufuta kwenye kinasa. Nilitaka nikusikilizishe nikakosa ujasiri. Unavyojisifu mbele za watu, nilijua utaaibika."

Akabonyeza.

Safari hii yowe halikuwa zito. Ilikuwa sauti nyembamba ya mwanamume anayelia kama mtoto: "Saimi, usifungue! Usifungue huo mlango, nakuomba!"

Ilikuwa sauti yangu.

Kwenye gemu letu, ukifungua mlango wa stoo umekufa. Mimi nilikuwa naufungua kutwa nzima, miezi na miezi, huku natafuna biskuti.

"Unalia hivyo usingizini kila usiku, tangu majani yaanze kudondoka," Saimi akasema. "Nakushika mkono mpaka unatulia. Asubuhi unaamka unapiga mluzi, unauliza kahawa iko wapi."

Nilishindwa kumtazama. Mwanamke hajalala miezi kwa ajili yangu, mimi nagawa mbwa! Niliona aibu sana, nikalia, na sioni sababu ya kuficha.

Siku hizi najaribu gemu la watoto, la kupanda karoti. Saimi ameanza kulala.

Ndugu zangu mnaobishana huko mitandaoni kama gemu linaweza kumtisha mtu kweli, msimuulize mchezaji, atawadanganya, na wala hajui kama anadanganya. Muulizeni anayelala naye kitanda kimoja.