Vijiti Vitatu Nilivyomtupia Mlinzi

Jumanne, tarehe 11 Machi. Asubuhi ilikuwa kavu, jua kali, wingu hata la dawa hakuna.

Siku hiyo niligundua nimeuzamisha mmea wa jangwani. Cheka, lakini soma.

Mimi ni mfagiaji wa zahanati, mama wa miaka hamsini na miwili, na jioni nasomea utunzaji wa bustani, darasa la mwalimu mmoja. Zahanati ilitaka mtunza bustani mmoja. Darasani, waliotoka zahanati tulikuwa wawili tu: mimi na mlinzi wa getini.

Mlinzi! Mtu anayesinzia amesimama. Nilimwita Bwana Usingizi. Yeye aliniita Mama Sala.

Mtihani wa mwalimu ulikuwa kuotesha ule mmea wa miiba wenye maua mekundu, usiojali ukame, usiopukutisha majani. Wiki sita. Mwenye mizizi mizuri anachukua kazi.

Nikakata matawi manono, utomvu mweupe unachuruzika. Bwana Usingizi akaja mikono mitupu.

"Mama Sala, nigawie basi."

Nikamtupia vijiti vitatu vilivyosinyaa. "Chukua. Hata kuni havifai."

"Asante, mama. Mungu akuzidishie."

"Mungu hana habari na wavivu."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mimi, mtu wa kufunga na kusali.

Vyangu nilivipanda papo hapo. Kila alfajiri kopo zima la maji, na maombi juu yake.

Vyake vilikaa dirishani kibandani siku kumi, kama mifupa iliyosuswa na mbwa. Halafu akavichomeka kwenye mchanga na kokoto, akaendelea kusinzia.

Nilimcheka mpaka mbavu zikauma.

Jumanne ile mwalimu akasema, "Haya mama, ng'oa tuone."

Nikavuta. Kikatoka kitu cheusi, laini, kinanuka. Darasa zima likaziba pua.

Mlinzi akang'oa chake. Mizizi myeupe tele, imeng'ang'ania kokoto.

"Nani alikufundisha?" nikafoka.

Akanishangaa. "Si mwalimu? Alisema kidonda cha tawi kikauke kwanza, utomvu uzibe, ndipo upande. Na maji kidogo mno. Wewe ulikuwa umefumba macho unasali."

"Kwa nini hamkunishtua?"

"Nusu saa nzima, mama! Nani athubutu kumkatiza mtu na Mungu wake?"

Wakacheka. Nilitamani sakafu inimeze.

Mwalimu akampa mlinzi kazi. Kisha akamwambia zahanati inamruhusu kuchagua msaidizi.

"Namchagua Mama Sala," mlinzi akasema. "Mikono yake ni mizima. Mabovu ni masikio tu."

Ndugu msomaji, ukiona mtu unamdharau, chunguza kwanza yeye amesikia nini ambacho wewe hukusikia.

Nikasimama mbele ya wanafunzi kumi na wanne, uozo bado mkononi.

"Nyote ni mashahidi," nikasema kwa sauti. "Kuanzia kesho nafanya kazi chini ya mtu huyu. Akisema mwagilia, namwagilia. Akisema acha, naacha. Na darasani nitasali macho wazi."