Nani Atamwigiza Bwana Mkubwa

Siku niliyoripoti kazini mara ya kwanza, Horohoro, viatu vilinibana hadi nikafundisha kipindi cha kwanza pekupeku, nimejificha nyuma ya meza. Nilikuwa binti wa Kilutheri kutoka milimani, mwalimu wa historia, na watoto wa mpakani waliicheka lafudhi yangu ya Kishambaa mpaka nami nikacheka. Mwalimu mkuu wa pale, mzee mkali mwenye fimbo asiyoitumia, aliniita ofisini jioni akafungua andalio langu la somo, yaani ile karatasi ambayo mwalimu huandika atafundisha nini na kwa njia gani kabla hajaingia darasani.

"Umeandika vizuri," alisema. "Sasa nisikilize. Mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie hujui. Lakini ukilijua ukamficha, ipo siku atalijua mwenyewe. Siku hiyo hata jedwali la kuzidisha ulilomfundisha atalitilia shaka."

Maneno hayo nimezeeka nayo.

Kutoka hapo nilihamishiwa Muheza, ambako msimu wa machungwa nusu ya darasa langu ilikuwa stendi ikiuza. Huko mwalimu wa taaluma, msimamizi wa ratiba na mitihani, alinifundisha kutumia zana, maana yake kitu chochote unachokileta darasani ili mtoto akishike badala ya kukisikia tu. Nikazoea kuja shuleni na majembe ya kale, vyungu, kamba za mkonge. Wenzangu wakanipa jina la Mama Mizigo, na sikukasirika, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kijiji kimoja kusini mwa Pangani, ukishaipita Ushongo. Jina lake nitaliacha, wenyewe wanajijua. Shule ile ilianzia katika nyumba ya mawe ya matumbawe iliyotolewa na tajiri mmoja wa zamani, ambaye kijiji kizima humwita Bwana Mkubwa mpaka leo. Ndiye aliyeanzisha kijiji, akatoa kisima, akatoa msikiti, na alipozeeka akaitoa nyumba yake iwe shule. Kila mwaka tulifanya Siku ya Mwasisi. Watoto waliigiza maisha yake mbele ya wageni, Ustadhi wa madrasa akaomba dua na kuwarehemu marehemu kwa majina, kisha watu wakala pilau. Mgeni rasmi alikuwa mjukuu wa Bwana Mkubwa, Mzee Hemedi, mtu mpole wa Pangani mjini, ambaye ndiye aliyetuezekea madarasa mawili.

Igizo lilianza na Bwana Mkubwa akigawa ardhi na kuishia watoto wakimpigia makofi. Watumwa hawakuwamo. Wazee wote walijua walikuwako, na kwa ukimya wao mimi mgeni nikajua pia. Pwani ile, kumwita mtu mtumwa ni tusi ambalo halitoki hata kwa sabuni ya kipande. Nyumba zilizotokana nao zilikuwepo, zikifahamika kwa minong'ono tu, na watu wao walikaa mwisho wa mkeka bila kuambiwa.

Mwaka mmoja somo la utumwa liliangukia wiki mbili kabla ya sherehe. Nikawaambia Darasa la Sita kwamba safari hii igizo litakuwa na watu wote waliokuwepo. Wavulana waligombea kuwa Bwana Mkubwa, akashinda Shabani, kijana mrefu mwenye sauti nzito. Nilipouliza nani watakuwa watumwa, hakuna aliyeinua mkono. Mmoja aliniambia waziwazi, "Mwalimu, hilo jina nitaitwa mpaka nioe."

Basi nikaenda ufukweni na darasa zima. Nikachagua jiwe la tumbawe lililolingana na yale ya ukutani kwetu, nikawaambia walibebe kwa zamu kichwani hadi shuleni. Walianza kwa vicheko. Jua likapanda, shingo zikauma, vicheko vikakoma. Tulipofika, nikaliweka jiwe chini ya ukuta wa darasa letu. Watoto walisimama wakiutazama ule ukuta kutoka chini mpaka juu, na nikaona wanahesabu, na nikaona wanashindwa. Nimefundisha miaka mingi, lakini sijawahi kuona nyuso kama zile.

"Mwalimu," aliuliza Shabani, "alikuwa mtu mwema au mbaya?"

Nikamwambia sijui neno moja linalomtosha. Alitoa nyumba hii watu wasome, na nyumba hii ilijengwa na watu wasiolipwa wala kuulizwa.

Akageukia picha za waasisi wa taifa zilizotundikwa juu ya ubao. "Na hawa je? Nao walikosea?"

"Walikosea. Na mengine walipatia, ndiyo maana wewe umekaa hapa."

Kesho yake asubuhi Shabani alikuja ofisini na kile kilemba cha igizo amekikunja vizuri, akakiweka mezani. "Mimi nitabeba jiwe," alisema. Nikakipeleka kwa mwingine, akakataa. Darasa zima sasa lilitaka kubeba jiwe, na hapakuwa na hata mmoja aliyetaka kuwa Bwana Mkubwa.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mwema mwenye moyo mwepesi, kazi ilimtia presha hata siku za mapumziko. "Mwalimu, mapaa yale ni ya Mzee Hemedi," aliniambia. "Wataka tunyeshewe? Fanya ngonjera, usifie kisima, yaishe." Mzee akichukia, shule ingempoteza rafiki. Nikirudia igizo la zamani, watoto waliobeba jiwe wangejua kwamba mwalimu wao ni mwongo. Nikamwomba twende tumwambie Mzee mwenyewe.

Tulimkuta barazani kwake anakunywa kahawa. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamweleza yote, bila kupunguza. Mwalimu mkuu alikuwa akifuta jasho pembeni yangu.

"Huyo mtoto kakataa kwa kuogopa?" Mzee aliuliza.

"Haogopi, Mzee. Amebeba jiwe."

Aliweka kikombe chini. "Hicho kilemba nileteeni miye," akasema. "Babu yangu. Kama watoto wa watu hawamtaki, miye nitamkataa kwa uso gani?"

Siku ya sherehe uwanja ulijaa hadi kwenye minazi. Mzee Hemedi aliinuka kwenye kiti cha mgeni rasmi, akavaa kilemba, akasimama mbele ya ukuta. Watoto wakaja kwa mstari na mawe kichwani. Akawaamrisha. Ilikuwa sauti ambayo hatukuwahi kumsikia nayo, kavu, ya mtu asiyetazamia kujibiwa, na nilielewa kwamba aliirithi kwa kuisikia utotoni. Wanawake waliacha kupepea majiko.

Wa mwisho alikuwa Mwanaidi, mtoto mkimya, mjukuu wa mama mmoja muuza vitumbua. Alitakiwa aweke jiwe aondoke. Akaliweka miguuni pa Mzee, akabaki amesimama.

"Bwana," alisema, "jina langu unalijua?"

Hilo sikuliandika mimi. Mwalimu mkuu alinishika mkono. Mzee Hemedi alimtazama yule mtoto, na ile sauti kavu ikampotea.

"Silijui. Sikukuuliza."

"Naitwa Faida."

Kule nyuma bibi yake alijifunika mdomo kwa kanga. Kila mtu mzima pale uwanjani alielewa kwamba Mwanaidi ametaja jina la mtu wa kwao, na kwamba nyumba yao imejitoa hadharani. Nilingoja mtu acheke. Nilimhofia yule mtoto, nikajuta, nikamwomba Mungu wangu kwa Kishambaa. Hakuna aliyecheka. Mzee Hemedi alivua kilemba akakaa nacho mapajani.

Ukafika wakati wa dua. Ustadhi akaanza kuwarehemu marehemu, Bwana Mkubwa fulani bin fulani bin fulani, ukoo mrefu tunaoujua kwa moyo. Alipotaka kufunga, Mzee akainua mkono.

"Bado. Muweke na Faida."

Ustadhi akasita. Marehemu hutajwa na baba yake. "Faida binti nani, Mzee?"

Bibi yake Mwanaidi alitikisa kichwa, hakujua. Mzee Hemedi akasema, kwa sauti ambayo waliokaa mwisho wa mkeka waliisikia, "Jina la baba yake tulilipoteza siye. Msome hivyohivyo."

Akasomwa hivyohivyo, na watu wote wakaitikia amina. Mimi Mlutheri niliitikia kwa nguvu kuliko jirani zangu.

Sasa nimestaafu, nina michungwa yangu Muheza, na magoti yanayonidai kwa yote niliyobeba. Walimu vijana hunipigia kuniuliza watoto wafundishwe vipi habari za utumwa, na za waasisi waliotenda mema na mabaya kwa mikono ileile. Wengine wanataka picha zishushwe, wengine wanataka zipanguswe vumbi tu. Huwaambia wasishushe kitu na wasifiche kitu, watafute jiwe lao, kisha wawaamini watoto. Nilikwenda darasani nikidhani nawalinda. Kumbe walikuwa na ujasiri kuliko sisi sote.

Mzee Hemedi ametangulia mbele ya haki. Kilemba huvaliwa na binti yake, karani wa benki Tanga mjini. Mwanaidi ameolewa huku Muheza, tunakutana sokoni, na hakuna aliyewahi kumwita lile jina la utumwa.

Mwaka huu nilialikwa tena. Dua siku hizi ni ndefu, wapishi wanalalamika pilau inapoa. Watu huja na majina waliyokuwa wameyafungia ndani, wakamnong'oneza Ustadhi mmoja baada ya mwingine. Ustadhi hasiti tena wala haulizi. Anasoma jina, ananyamaza kidogo pale ambapo jina la baba lingekaa, kisha anasoma linalofuata.