Wadudu wa Bwana Marashi

Mume wa dada yangu mtaa mzima ulimwita Bwana Marashi, kwa kejeli tu, maana alisimamia mtambo wa majitaka kule chini karibu na ufuko. Pua yake ilikufa zamani. Angeweza kula papai kando ya tangi wazi na kuomba kipande cha pili. Mimi niliishi nao, na nilimcheka kuliko wote.

Maji ya vyooni na jikoni ya mji wetu mdogo yaliingia kwenye tangi lake, pampu ikapuliza hewa, na viumbe wasioonekana kwa macho wakala ule uchafu hadi maji yakafaa kumwagwa baharini. Viumbe hao yeye aliwaita wadudu. Jioni akivua buti hakuwa na hadithi nyingine. "Wadudu leo wamenisumbua." "Hawa wadudu watanitoa roho." Dada, ambaye hufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, aliguna tu akaendelea kupakua. Habari za majitaka hakuzitaka karibu na chakula chake.

Kisha tangi likaharibika. Maji yakatoka upande wa pili yakiwa machafu vilevile, na majirani wakaja wameziba pua. Shemeji akanusa, akanusa tena, asipate kitu, masikini. Akafungua pampu, akaisafisha, akaifunga. Akalaumu mvua. Akalaumu mafuta ya mikahawa.

"Shemeji, sielewi," aliniambia. "Hewa ipo, pampu nzima. Sielewi kabisa."

Kicheko kikaniishia. Mhandisi, mkubwa wake, alikuwa ameshamwambia kwamba asipopata chanzo haraka, atafute kazi nyingine.

Jioni hiyo shemeji alikaa mezani hagusi chakula. "Wadudu wamekufa wote," akasema.

Dada akapiga makofi. "Afadhali! Kumbe ile dawa si mchezo!"

"Dawa gani?"

"Klorini ya kufulia. Kila nikikuletea chakula cha mchana, wewe ukiwa chumba cha pampu, namimina dumu zima tangini. Nilitaka nikushtukize, baba watoto."

Shemeji alimtazama, akanitazama mimi, akautazama mlango. Nami sikujua nicheke au nikimbie.

"Wale ndio wanaofanya kazi," akasema polepole. "Wanakula uchafu."

"Wadudu?"

"Wadudu."

"Kwa hiyo unawafuga?"

"Ndiyo."

"Sasa mtu anafuga kitu, halafu kila jioni analalamika kinamsumbua?"

"Mbona wewe kila jioni unalalamika watoto wanakusumbua?"

Machozi yakamlengalenga dada. Nilimwonea huruma, na shemeji nikamwonea vilevile, na sikujua mwenye kosa ni nani.

"Watarudi?" akauliza dada.

"Tukileta tope lenye wadudu hai kutoka mtambo mwingine, watazaliana. Lakini lazima nimwambie mhandisi ni klorini. Akiniuliza imetoka wapi, nitasema nini?"

"Sema imetoka kwa mkeo. Tutakwenda wote." Dada akajifuta macho kwa kanga, akavuta kiti karibu naye. "Ila kwanza niambie, baba watoto. Pale unafanya kazi gani hasa?"

Shemeji akakohoa. Ndoa ya miaka yote ile, na hakujua aanzie wapi.