Spika Iliyoishiwa Sauti

Hata kusimulia kunanichosha, lakini bora mlisikie kwangu. Spika yetu ya sebuleni, ile isiyo na waya, ni ya siku nyingi, na mwaka huu nikaiona imeishiwa sauti. Nikiongeza, mke wangu anapunguza. Tulibishana mpaka nikachoka, nikateremka mjini Morogoro kutafuta nyingine. Nikaingia dukani kwa Nasrin, niliyemfundisha shule ya msingi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nipe mpya, ya kwangu imekufa."

Akaunganisha simu yangu na spika kubwa, akaweka kaswida. Nikamwambia aongeze. Akaongeza. Wateja wakaziba masikio. Mimi nikaona sasa ndiyo inaanza kusikika.

Alipopunguza, ukaingia ujumbe wa sauti wa mke wangu. Nikaubonyeza, nikaweka simu sikioni. Kimya. Nilisahau kwamba simu bado imeunganishwa na ile spika. Nilipogeuka, duka zima lilikuwa linacheka.

"Kuna nini?" nikauliza.

Nasrin akanisogelea sikioni, akapaza sauti: "Mama anasema urudi nyumbani, mwalimu! Spika ni nzima, masikio yako ndiyo ya kupimwa!"