Fundi Mkono na Mabango Mawili

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi. Hapana, mvua nyingi zilikuwa za mwaka uliotangulia. Huu ni ule ambao soko la zamani lilivunjwa. Mwaka huo Fundi Mkono alikuwa bado anashona nguo karibu na lango la soko, mahali pasipo na ngazi, na ndiyo maana alipapenda. Jina alipewa kwa sababu miguu yake ililemaa utotoni, hawezi kukanyaga cherehani. Gurudumu alilizungusha kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukaongoza kitambaa.

Soko jipya lilikuwa na ghorofa, na vibanda vyake vilikuwa vya kugombania. Asiye na wa kumsemea atajua mwenyewe pa kwenda. Fundi akajiunga na vyama viwili. Yeye ni mweusi, na weusi wa mji ule walisukumwa pembeni tangu zamani. Tena ni mlemavu. Akaona aliyevaa mashati mawili baridi itampata wapi?

Chama cha weusi kilikutana ghorofani, juu ya duka la vitanda. Wachukuzi wa soko walimpandisha mgongoni. Siku moja kikao kilikwisha kwa nyimbo, watu wakateremka kwa furaha, wachukuzi wakiwemo, yeye akasahaulika kwenye benchi mpaka mfagizi alipoingia.

"Mjomba, leo unalala huku?"

"Naingoja miguu yangu," Fundi akasema. "Imeshuka ikiimba."

Alipoomba wakutane chini, mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, tupate haki kwanza. Ngazi tutaziona baadaye."

Chama cha walemavu kilikutana chini, penye mlango mpana. Mwenyekiti wake alikuwa mama mweupe wa kiti cha magurudumu, na Fundi alimpenda kweli. Lakini aliposimulia kwamba askari wa soko humpekua yeye kila asubuhi, na weupe wenye magongo wanapita tu, mama akamgusa bega. "Hilo la rangi, baba, wapelekee wenzako. Hapa tusichanganye mambo."

Kisha vyama vyote viwili vikampa kazi ya kushona mabango, kwa maandamano yao, yote ya siku ileile. Akayakata yote kwenye jora moja la kitambaa cheupe, akayakunja pindo sawasawa.

"Wewe utafuata lipi?" dada yake mkubwa akamuuliza.

"Nitakaa katikati."

"Katikati ndiko pikipiki zinakopita."

Siku ilipofika alikaa kando ya barabara. Mabango yakapita, moja baada ya jingine, na kila kundi likampungia mkono, likidhani anangoja lile lingine.

Halmashauri ya mji ikakubali madai yao. Weusi wakapata vibanda vya juu, walemavu vya chini. Fundi akaenda kuuliza chake kiko wapi.

"Si uko chini na wenzako?" mwenyekiti wa weusi akashangaa. "Sisi tulijua wamekuombea."

Mama naye akashika kichwa. "Jamani, baba. Nilijua watu wako wamekuombea. Wewe una watu wengi."

Wote walisikitika, na hakuna aliyekuwa akisema uongo. Vibanda vilikuwa vimekwisha. Wavunjaji walipofika langoni, dada yake alifunga cherehani kwenye shuka, akaibeba kichwani mpaka chumbani kwao, akaiweka kati ya kitanda na dirisha. Hapo wateja hawapiti. Fundi aliizungusha mara mojamoja bila kitambaa, isishike kutu.

Ukaja ufunguzi wa soko. Vyama vikaleta mabango yashonwe yalipochanika, na Fundi akayashona, angefanyaje. Wenyeviti wakaja kuyachukua saa ileile, wakakutana mlangoni, wakapishana kwa adabu. Akawakabidhi, kila mtu lake. Mama akainama akatazama magurudumu ya kiti chake. Mwenzake akawa anakunja bango lililokwisha kukunjwa. Maana Fundi alikuwa amewauliza, bila kupandisha sauti:

"Mlipokuwa mnawahesabu watu wenu, mimi nilikuwa mtu wa nani?"