Gari Lililowaka Mbele ya Kamati

Fundi tumemzika kwao Lukozi Jumanne iliyopita, baada ya sala ya adhuhuri, katika mvua ambayo haikuwa kubwa ya kuahirisha maziko wala ndogo ya kutuacha wakavu. Nilikwenda kwa pikipiki ya mjukuu wangu, nimejifunika turubai. Mwanawe mkubwa, ambaye naye sasa ana mvi, alinipokea. "Shikamoo bibi. Mzee alikuwa anakutaja." Nikamwuliza alinitaja kwa lipi. Akasema, "Kwamba wewe ndiye uliyetumwa kumlinda." Ni kweli. Nilitumwa kumlinda asije akaliharibu gari. Najua wasomaji wangu vijana hapo hawajanielewa, basi nitaanza mbali kidogo, nanyi mniache niende mwendo wangu. Majina ya wote waliokuwepo ninayo kichwani, hadi la mbwa wa mwenyekiti, lakini katika safu hii sitaji mtu. Wajukuu wao ndio wanaoniuzia sukari.

Miaka ya vijiji vya ujamaa, kijiji chetu kilipewa gari. Halikuwa jipya. Lilikuwa la Mjerumani mmoja mwenye shamba upande wa Kwai, ambaye baada ya uhuru alikaa kidogo, akaangalia angalia, kisha akaenda kwao akaacha ng'ombe, mapipa ya maziwa na gari. Lilitengenezwa kabla ya vita vikuu vya pili. Boneti yake ilifunguka pembeni, pande zote mbili, kama mbawa za kuku anayelalia. Nyuma lilikuwa na boksi la mbao, na kuliwasha kulitaka hendeli, kile chuma kilichopinda unachokichomeka mbele na kukizungusha kwa nguvu zako zote, nacho kikijisikia kinakurudishia pigo la mkono. Pamoja na gari tulimpata dereva wake, ambaye ndiye fundi huyu. Hakuna aliyemwomba aje. Alilileta, akakabidhi funguo, kisha akabaki amesimama kando yake kama mtu aliyeleta mgonjwa hospitali.

Kule shambani gari lilikuwa na banda lake la mabati, limeshikana na chumba cha kuchemshia maziwa. Sisi tulilikalia kikao jambo hilo. Ikaonekana kwamba kulijengea gari nyumba wakati wapo wananchi ambao mapaa yao yanavuja ni kasumba ya kikoloni, na kwamba mali ya wote haiwezi kufichwa ndani kama mali ya mtu. Tukapitisha likae uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, kila mmoja alione. Nami nilinyoosha mkono. Hoja ilikuwa nzuri na makofi yalipigwa.

Kazi ya gari ilikuwa kabichi. Sisi akina mama wa shamba la kijiji tulivuna jioni, tukapakia alfajiri, nalo likashuka Mombo kuwahi malori ya Tanga. Ukichelewa, malori yamekwenda, na kabichi zinarudi kuliwa na ng'ombe. Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Ilipoingia ile baridi ya katikati ya mwaka, gari likagoma. Alfajiri fundi anazungusha hendeli mpaka shati linamganda mgongoni, gari kimya. Mchana, analigusa tu, linawaka. Alifanya kila alilolijua. Alifungua bomba la petroli, akaona petroli inakuja. Alifungua kabureta, akalipuliza kwa mdomo. Alitoa plagi, akazikuta zimelowa petroli, maana yake mafuta yanafika ila hayakuti moto. Akazikausha kwenye makaa, akazirudisha, na kesho yake alfajiri ikawa yale yale.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mzee mmoja wa kanisa letu alisema gari linamlilia mwenyewe aliyeondoka. Mama mmoja wa kabichi akasema hapana, limezoea kuamriwa kwa Kijerumani. Fundi akamjibu, "Mama, hata kwa Kijerumani lilitukanwa sana, wala halikujali."

Basi tukaitwa kikao. Katibu wetu alikuwa kijana mwenye akili ya kupanga mambo, na hili alilipanga vizuri sana.

"Ndugu Fundi, mchana gari linawaka?"

"Linawaka."

"Mbele ya kamati linawaka?"

"Jana si uliliona, Ndugu Katibu? Wewe mwenyewe ulipanda."

"Na alfajiri, ukiwa peke yako nalo?"

"Haliwaki."

"Kwa yule Mjerumani, alfajiri lilikuwa linawaka?"

Fundi akasema, "Lilikuwa linawaka."

"Basi tufafanulie. Mnyonyaji linamwakia. Viongozi wakiwepo linawaka. Akina mama wakitaka kupeleka mazao yao, na wewe uko peke yako nalo, haliwaki. Kwa nini?"

"Sijui," fundi akasema.

Miaka ile neno hilo halikuwa likitumika kwenye vikao. Tulikuwa na jibu la mvua, la mbolea, la ubepari na la kuku waliokufa kwa mdondo. Mtu mzima kusimama mbele ya kijiji na kusema hajui, tulilichukua kuwa ni kukiri. Nyuma mmoja akapaza sauti, "Kupe wa Mzungu huyo!" Mwingine akamwambia, "Nyamaza, wewe hata toroli unalisukuma kinyumenyume." Lakini waliocheka walikuwa wachache. Ikapitishwa kwamba gari likiendelea kugoma hadi mwisho wa juma, fundi apelekwe wilayani kama mhujumu wa mali ya umma. Mtu aliyepelekwa wilayani kwa jina hilo hakurudi upesi, na wengine walirudi hawazungumzi. Watoto wake wadogo walikuwa mlangoni pale pale, wanacheza na vizibo vya soda. Ikaamuliwa pia awepo mtu wa kumwangalia alfajiri, nikachaguliwa mimi. Sikuwa na undugu naye, yeye Mwislamu wa Lukozi, mimi Mlutheri. Nilikuwa mkali kwa habari ya kabichi zangu. Tena sikujua chochote juu ya magari, jambo ambalo kamati iliona ni sifa.

Alfajiri nikamkuta amekwishafungua boneti, taa ya chemli ameiweka juu ya bawa la gari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Umekuja kunilinda?"

"Nimetumwa."

"Vizuri. Simama hapo uangalie mikono yangu. Baridi isikufukuze."

Ukungu ulikuwa ule wa kwetu, wa kukata kwa panga. Akazungusha mara kadhaa, kimya. Upepo ukaja ukaizima taa, na kiberiti kilikuwa kimelowa. Akasema, "Iache, hendeli haitaki taa." Akainama mbele ya gari, kichwa chini kabisa, akazungusha tena. Mimi nikaendelea kuangalia ndani ya boneti, ingawa palikuwa giza, kwa sababu nilikuwa nimetumwa kuangalia. Ndipo nikaona.

"Fundi, humu kuna moto."

"Moto wa wapi?"

"Mdogo, wa bluu. Unatambaa juu ya hiki kikombe cheusi chenye nyaya. Unakimbia huku na huku kama sisimizi."

Akaiacha hendeli, akainuka. Kisha akauliza polepole, "Umekigusa?"

"Si nimekatazwa kugusa?"

"Njoo uzungushe wewe."

Nilikuwa mwanamke wa jembe, nikazungusha. Yeye akasimama pale nilipokuwa mimi. Nilipoinua kichwa nikamkuta amekaa chini kwenye majani yenye umande. Akanieleza. Kikombe kile ni kifuniko cha distributa, ndicho kinachogawa moto kwenye plagi. Ukungu ukikilowesha, moto hauendi unakotakiwa, unapotelea nje. Kule Kwai gari lililala ukutani kwa chumba chenye moto wa maziwa, kifuniko kikaamka kikavu. Hapa lilikuwa linalala uwanjani na kila mmoja analiona, na ilipofika mchana, jua likishakikausha, kamati ikaja kulijaribu. "Na mimi," akasema, "siku zote nimeinama huku mbele, na taa nimeiwasha mwenyewe. Ningeuonaje?"

Nikashika upindo wa kanga nikifute kifuniko, twende zetu. Akanyoosha hendeli, akaniwekea mbele ya mkono.

"Usifute."

"Kabichi, fundi! Malori yatatuacha."

"Ukifuta litawaka. Likiwaka, mimi nitakuwa nimewasha gari tu, kama ninavyoliwasha mchana, na watasema nimeona mlinzi nikaogopa. Nenda kawaite waje waone wenyewe. Na uende mbio, mama, kukipambazuka hakutaonekana kitu."

Nikaziangalia kabichi. Nilizipanda, nikazipalilia, nikazibeba kwa kichwa. Nikaangalia mbingu. Kisha nikakimbia, na kwetu kukimbia ni kupanda mlima.

Mwenyekiti aliamka haraka, ila alitafuta koti lake la vikao, kwa kuwa hiki nacho aliona ni kikao. Katibu alitoka na karabai imewashwa, inanguruma. Njia nzima nikawa nawaambia jamani tufanye upesi, na katibu ananiuliza upesi wa nini, kama jambo ni la kweli litakuwepo hata saa nne. Tulipofika, upande wa mashariki mbingu ilikuwa imeanza rangi ya majivu.

"Zimeni hiyo taa," fundi akasema.

"Amri hiyo inatoka kwa nani?" katibu akauliza. "Unataka kufanya nini gizani?"

Fundi alikuwa ameshika hendeli kwa mikono miwili, tayari kuizungusha. Sijui nilipata wapi mdomo ule, nikasema, "Ndugu Katibu, mlinituma niangalie, nimeangalia. Zima taa na wewe uangalie." Mwenyekiti akaichukua karabai mkononi mwake, akaizima mwenyewe. Fundi akainama, akazungusha. Moto ulikuwa umefifia kwa ajili ya kule kukucha, lakini ulikuwepo, unatambaa. Katibu hakuamini. Akashusha uso karibu, akashusha zaidi, na cheche ikamrukia puani. Akasema, "Aaaa!" Ndilo neno pekee nililopata kumsikia akilisema bila kulipanga.

"Sasa futa, mama," fundi akaniambia. Nikakifuta kifuniko kwa kanga, nje na ndani, na nyaya zake. Gari likakohoa, kisha likawaka.

Mwenyekiti akajiweka sawa kotini. "Ndugu Fundi, kijiji kimekusamehe."

"Kwa kosa gani?"

Mwenyekiti akafikiri. "Yote."

"Asante," fundi akasema, akapanda. Malori ya Tanga hatukuyakuta. Kabichi zililiwa na ng'ombe.

Baada ya hapo kifuniko kikawa kinafunguliwa kila jioni na kulala jikoni kwangu, juu ya dari la moshi ninapokaushia mahindi ya mbegu, hadi likaletwa lalamiko kikaoni kwamba nyumba moja inahodhi sehemu ya gari. Ikapitishwa kizunguke kila nyumba kwa zamu. Fundi akawa kila alfajiri anapita anabisha hodi, anauliza kifuniko kimelala kwa nani. Hakuna aliyependekeza banda. Nimeliwaza jambo hili miaka mingi, na sisemi kwamba tulikuwa wajinga. Tulikuwa tumetoka kutawaliwa, tunaogopa kila kitu kilichofanana na kule tulikotoka, hata paa la mabati.

Ninachomkumbukia fundi si ufundi. Ufundi wake ulikuwa wa kawaida, na breki zake sitaki kuzizungumza mtu akiwa kaburini. Ninakumbuka kwamba aliulizwa swali lenye jela ndani yake, na jibu la uongo lilikuwepo karibu: angesema gari limechoka, angesema mafuta mabaya, angemtaja mtu. Akasema hajui, kwa sababu alikuwa hajui, akarudi kesho yake kutafuta. Siku hizi naona watu wanajua zaidi kuliko sisi zamani zile. Simu inawajibu kabla hawajamaliza kuuliza. Lakini bado mtu akisema hajui, wanamtazama kama tulivyomtazama fundi.

Nayasema haya kwa sababu kitongojini kwetu mtunza bomba la maji yuko mashakani. Alfajiri, akina mama wakienda na ndoo, bomba halitoi. Kamati ya maji inakutana saa tisa alasiri, na saa tisa alasiri bomba linatoa maji mazuri kabisa. Wamemwuliza kwa nini, amejibu hajui, na nimesikia watu wakiguna kwamba anaiba maji. Wiki ijayo wanataka kumwondoa. Yeye ana watoto. Huenda ni mwizi kweli, mimi sijui. Nilichojifunza uwanjani pale ni kwamba ukitaka kujua kinachomshinda mtu, uende saa inayomshinda yeye, usiende saa inayokufaa wewe. Kwa hiyo naiomba kamati, kwa heshima zote, kikao hicho kikae alfajiri, bombani. Makoti mnayo. Mtanikuta nimekwishafika.