Siku Tuliyoshusha Injini ya Baba

Baba hakuwahi kumpenda fundi yeyote. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na pikapu yake aliitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba yetu huku Ilemela, chini ya gogo la mkaratusi alilolilaza juu ya mawe mawili makubwa ili apate pa kufungia winchi. "Fundi ni mtu wa njoo kesho," alizoea kusema. "Utakwenda kesho mpaka viatu viishe soli." Mimi, bintiye, ndiye niliyemshikia spana.

Akili yake ilipoanza kupotea, mikono haikupotea. Tulificha ufunguo, akaunganisha waya, gari likawaka. Tukatoa betri, akaenda kuazima ya jirani, na jirani kwa heshima zake akamfungia kabisa. Siku hiyo tulimkuta ufukweni, magurudumu ya mbele yamo majini, akina mama waliokuwa wakifua wamekimbia na watoto wao. Alikuwa anasubiri kivuko cha Nansio, kule kisiwani, akamwone mama yake. Bibi tulimzika mimi nikiwa bado nasoma. Jioni mama akaniambia, "Ataua mtoto wa mtu. Toa hiyo injini."

Nikamdanganya baba. Nilimwambia silinda zimelika, zinataka kuchongwa, na kazi hiyo haifanyiki nyumbani. Itabidi mashine iende kwa fundi Mabatini. Alikunja uso kusikia habari za fundi, kisha akaenda kuvaa ovaroli lake.

Tangu augue sikuwa nimemwona na furaha kiasi kile. Jina langu lilikuwa limemtoka wiki nzima, lakini alijua maji ya rejeta yanamwagwa kwanza, na bolti ipi ina kutu inayotaka kugongwagongwa kabla ya kufunguliwa. Kila nati niliyoifungua alinilazimisha niirudishe kwenye bolti yake. "Siku ya kufunga hutahangaika kutafuta," alisema. Nilizirudisha zote, nikijua siku hiyo haipo. Roho iliniuma hata bolti ya mwisho ikanishinda, akaifungua yeye. Injini ilipopanda aliizuia kwa kiganja isibembee, akaniambia nivute mnyororo wa winchi polepole. Sasa iko stoo kwa jirani yule yule, imefunikwa turubai.

Kila asubuhi baba huketi kwenye usukani, nami humfuata na chai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mashine imerudi?"

"Bado, baba. Fundi amesema kesho."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, kwa sababu kila kukicha baba huanza upya. Mvua za vuli zimekuja zikaisha, na mimi nimekuwa yule fundi aliyemchukia maisha yake yote.

Juzi hakuuliza. Alipokea kikombe, akanitazama kwa huruma, jinsi alivyokuwa akiwatazama wanafunzi walioonewa na wenzao.

"Mwanangu," akasema, "huyo fundi anakudanganya, na wewe una moyo mzuri, huoni. Kaichukue mashine yetu. Tutaifunga wenyewe, mimi na wewe. Mama yangu amenisubiri sana."

"Sawa, baba," nikamwambia. "Kesho."